Mtutu wa bunduki ya kale umeisha, au umechafuka tu? Dalili, sababu, na namna ya kumpata fundi wa kuuvisha silivu

Wengi wanaotafuta fundi wa kuvisha mtutu silivu hawahitaji silivu. Wanahitaji brashi, mafuta na subira ya siku nne. Wengine wanaihitaji kweli, ila wanampelekea fundi bunduki bila kujua inaumwa nini, naye anatibu kile anachokiona kwa macho. Nawaandikia wote wawili, kwa sababu mtutu wa miaka mia na ishirini ukishatobolewa ndiyo basi, haurudi.

Kwanza tuelewane maneno. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta. Matuta ndiyo yanayokishika kichwa cha risasi na kukizungusha ili kiende sawa. Kuvisha silivu ni kama anavyofanya fundi wa injini silinda inapolika: tundu la zamani linapanuliwa, mrija mpya wa chuma wenye matuta na mifereji yake unaingizwa na kugandishwa humo, kisha chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, inachongwa upya. Nje bunduki inabaki ilivyokuwa, na maandishi yake na mikwaruzo yake ya umri. Wazo hili si la jana. Miaka ya 1880 askari wa Uingereza walifanya mazoezi kwa bunduki za Martini-Henry zilizotiwa mrija mwembamba wa Morris ili zifyatue risasi ndogo, ingawa mrija ule ulikuwa wa kutia na kutoa.

Na kwa kuwa Kiswahili kina neno moja kwa madini na kwa kinachofyatuliwa, hapa nitasema "madini ya risasi" nikimaanisha metali ile laini ya kijivu, na "risasi" nikimaanisha ganda, fataki (kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti), baruti na kichwa kwa pamoja.

Kabla hujaangalia chochote, hakikisha bunduki ni tupu. Fungua chemba, angalia, ingiza kidole. Zile zenye magazini ya mrija chini ya mtutu zinataka umakini zaidi: springi ikichoka, risasi moja hubaki imejificha mbele kabisa ya mrija, na ukiitikisa bunduki hutasikia kitu.

Dalili: ndani ni giza, matuta hayaonekani

Dalili hii ndiyo inayowapeleka watu wengi kwa fundi, na ndiyo inayodanganya kuliko zote.

Sababu ya kwanza ni uchafu wa miaka mingi: masizi ya baruti nyeusi, mafuta yaliyokauka, na juu yake madini ya risasi yaliyojibandika kwenye mifereji hadi mtutu ukaonekana laini kama bomba la maji. Loweka ndani kwa mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha. Asubuhi pitisha brashi ya shaba, kutokea upande wa chemba kama muundo unaruhusu, kisha kitambaa cheupe. Kisome kitambaa. Weusi ni masizi. Wekundu wa udongo ni kutu. Rangi ya kijani au bluu ni shaba. Vipande vya kijivu vinavyometameta ni madini ya risasi.

Bunduki moja niliyoletewa ilikuwa imeshahukumiwa na watu watatu kwamba imekwisha. Siku ya kwanza vitambaa vilitoka vyeusi. Ya pili, vyeusi. Ya tatu niliizungushia brashi nyuzi za shaba za kusugulia sufuria, na mdomoni vikaanza kudondoka vigamba vya kijivu, vyembamba kama magamba ya samaki. Nilivikusanya kwenye karatasi vikajaa kijiko cha chai. Chini yake matuta yalikuwa yamesimama kana kwamba yamechongwa wiki iliyopita. (Nyuzi hizo zijaribu kwa sumaku kabla ya kuzitumia. Zikinaswa, ni chuma kilichopakwa shaba, na chuma hicho kitaukwaruza mtutu.)

Sababu ya pili ni vishimo vya kutu, na hapa kuna kisa kinachoniuma kila nikikiona. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndugu wa karibu wa ile ya mezani. Chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo yanayoiyeyusha. Kwa hiyo mwenye bunduki aliyeipaka mafuta kila jioni kwa upendo wote alikuwa akiifunika chumvi humo ndani, nayo ikaendelea kula chuma. Fataki zisizoacha chumvi zilianza kuenea katika miaka ya 1920. Bunduki iliyotumika sana kabla ya hapo, tarajia vishimo.

Lakini vishimo peke yake si hukumu. Vikiwa kwenye mifereji na matuta bado yana kingo, mtutu unaweza kulenga vizuri kabisa. Utachafuka upesi tu, na utahitaji kusafishwa mara nyingi zaidi. Anayeamua ni karatasi ya shabaha. Macho yako hayatoshi. Ukiwa na mtu mjuzi aliyekwisha kuithibitisha kufuli yake, yaani sehemu inayoifunga chemba kwa nyuma, kuwa salama, na risasi za nguvu inayoifaa, piga makundi ya risasi tano tano ukiwa umeegemeza. Makundi yakiwa mazuri, yaani matundu yamekaribiana, funga zana zako uende nyumbani.

Dalili: karatasi inatobolewa kwa ubavu

Tundu lenye umbo la tundu la funguo maana yake kichwa cha risasi kilifika kikiwa kimelala. Watu hukimbilia kusema mtutu umelika. Huenda. Ila kuna sababu tatu za bei rahisi za kuziondoa kwanza.

Moja ni kichwa chembamba kuliko mtutu. Viwanda vya zamani havikuwa na vipimo vilivyobana kama vya leo. Risasi ya .44-40, iliyoanza mwaka 1873, inatajwa kuwa na mifereji ya takriban milimita 10.85, lakini mitutu ya zamani hupatikana kati ya 10.8 na 11.0 hivi. Pima wako: chukua kipande cha madini ya risasi safi na laini, kikubwa kidogo kuliko tundu, paka mafuta, kisukume taratibu kwa ufito kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kipime kwa maikromita. Mkono wako utakueleza mengi kabla ya maikromita: palipolegea ghafla pana tatizo, panapobana pana kutu au uvimbe wa ndani. Wapigaji wa vichwa vya madini ya risasi hupendelea kichwa kinachozidi mfereji kwa milimita 0.025 hadi 0.05. Kama chako kimepungua, badilisha kichwa, mtutu uache.

Mbili ni kasi ya kuzunguka isiyolingana na urefu wa kichwa. Mwaka 1879 George Greenhill, aliyefundisha hesabu huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni ambayo bado inatosha kwa kazi hii: zidisha kipenyo kwa chenyewe, zidisha kwa 150, gawanya kwa urefu wa kichwa. Kichwa cha .22 Long Rifle, risasi ndogo inayojulikana sana, kina kipenyo cha milimita 5.7 na urefu wa kama 12. Jibu ni 406, yaani matuta yakamilishe mzunguko mmoja kila milimita 406, na hiyo ndiyo inchi 16 inayotumika hadi leo. Kichwa cha .22 Short, ndugu yake mfupi, ni kifupi, kama milimita 9, na jibu linakuwa 541. Sasa chukua bunduki kongwe iliyochongwa kwa ajili ya Short, mtu akaja baadaye akaipanulia chemba ili ipokee Long Rifle. Mtutu haujafa. Unalishwa risasi isiyo yake.

Tatu ni ukingo wa mdomo. Miaka ya kusafisha kutokea mbele kwa ufito wa chuma hula ukingo upande mmoja, na hapo ndipo kichwa kinapoagana na mtutu. Angalia kwa kioo cha kukuza. Matuta yakiwa yamepotea kwa sentimita moja au mbili tu mdomoni kisha yakaendelea vizuri, fundi atachonga upya ukingo, au atapanua kidogo sehemu ile iliyolika ili ukingo mpya uwe ndani. Ni kazi ya muda mfupi, na haigusi sehemu nyingine yoyote.

Zote tatu zikikataliwa na kipimo chako kinaonyesha mtutu umepanuka na matuta hayapo, hapo ndipo silivu inapoingia kwenye mazungumzo.

Dalili: ganda linakwama au linatoka limevimba

Kwenye bunduki ndogo za .22 sababu inayojirudia ni hii: familia nzima ilipiga Short kwenye chemba ya Long Rifle kwa miaka thelathini. Ganda la Short halifiki mwisho wa chemba, na moto hula pete mbele yake. Siku ukitia Long Rifle, ganda lake linavimba na kuingia kwenye pete hiyo, na kulitoa inakuwa vita. Silivu inatibu jambo hili kabisa, kwa sababu chemba nayo inazaliwa upya.

Lakini ganda lililopasuka upande wa nyuma, au fataki iliyojitokeza nje ya kitako cha ganda baada ya kufyatua, vinasema jambo jingine: kufuli imelegea na kuna nafasi kati yake na ganda. Acha kupiga. Silivu haiimarishi kufuli. Bunduki ya Winchester ya 1873 ina kufuli ya viungo vinavyokunjana kama goti. Uiwekee mtutu mgumu kuliko yote duniani, goti litabaki lilelile.

Kuijua chemba kwa hakika, fundi humimina aloi inayoyeyuka kwenye joto la chini, chini ya nyuzi 90 za Selsiasi, kisha huipima kama saa moja baadaye, kwa kuwa hunywea kwanza halafu hupanuka. Aloi hiyo ina madini ya risasi na kadimiamu, hivyo si ya kuyeyushia jikoni.

Dalili: pete ya kivuli ndani ya mtutu

Elekeza mtutu kwenye mwanga, utazame ukiuzungusha. Pete nyeusi isiyosogea ni uvimbe, mahali ambapo kichwa kimoja kilikwama na kingine kikakigonga kwa nyuma. Pitisha vidole nje polepole; mara nyingi utausikia. Usiipige bunduki hiyo tena. Silivu huwekwa kwenye mitutu yenye uvimbe mdogo, lakini uamuzi huo ni wa fundi akiwa ameushika mkononi.

Umekubali unahitaji silivu. Ngoja kidogo

Bunduki adimu ambayo bado iko kama ilivyotoka kiwandani, iache. Mtutu mbovu wa asili una thamani kwa wakusanyaji kuliko mtutu mzuri wa juzi, na kazi hii haifutiki.

Uliza sheria kabla ya kutuma chochote, maana silivu inaweza kuibadilisha bunduki kisheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaangalia mwaka wa kutengenezwa, 1898 au kabla. Uingereza inaangalia pia risasi inayotumika, hivyo bunduki ya kaliba (kipimo cha risasi) iliyokufa ikivishwa silivu ya risasi inayouzwa leo, hutoka kwenye kundi la vitu vya kale na kuhitaji leseni. Katika nchi wanachama wa C.I.P., tume ya upimaji wa silaha iliyoanza mwaka 1914, mtutu uliobadilishwa hivi lazima upimwe na kugongwa muhuri upya. Na mahali pengi mtutu peke yake, bila bunduki, ni silaha kisheria. Hauwekwi tu kwenye bahasha.

Kisha pima unene. Mtutu wa pembe nane wenye milimita 16 bapa kwa bapa, ukitobolewa hadi 8 kwa ajili ya silivu, unabaki na ukuta wa milimita 4. Chini ya kilengeo cha mbele kuna mfuo uliokatwa kama milimita 2.3. Pale umebaki na 1.7. Kwa .22 inatosha ikiwa keekee imepita katikati sawasawa. Ikipinda, haitoshi.

Dalili: kila fundi anakataa

Sasa tunamtafuta mtu, na hapa nako kuna sababu za kuchambua.

Fundi wengi wa bunduki hutengeneza vitako, springi na vifyatulio. Kuvisha silivu kunahitaji mashine ya kukereza inayobeba mtutu mrefu, keekee ndefu yenye kiongozi cha kuielekeza, na rima, yaani kifaa cha kuchonga chemba, ya kaliba yako hasa. Asiye na vitu hivyo anakataa kwa uaminifu, mshukuru. Wengine wanakataa kwa sababu silivu ya kaliba hiyo haitengenezwi, au kwa sababu ulichoandika kimewafanya wadhani unataka kupigia risasi za nguvu za kisasa kwenye kufuli ya enzi za baruti nyeusi. Na wengi wanakataa kwa sababu ujumbe ulisema tu "nina bunduki ya babu, mtutu umeisha, bei gani?"

Andika hivi: bunduki ya risasi moja moja, mtutu wa pembe nane, urefu sentimita 61, milimita 16 bapa kwa bapa mdomoni; .22, kipimo cha mifereji 5.72 mdomoni na 5.79 katikati, vishimo kuanzia chemba hadi sentimita 20, itapiga Long Rifle ya kawaida pekee, rangi ya nje isiguswe. Mistari mitatu. Fundi anayejua kazi atajibu, hata kama ni kukuelekeza kwa mwenzake.

Waulize wanaouza silivu zenyewe, kwani wanamjua anayerudi kununua mara kwa mara. Waulize wapigaji wa mashindano ya baruti nyeusi na vilabu vya bunduki za risasi moja, na wanaotengeneza mitutu ya bunduki za marisawa, maana nao hufanya kazi ya jamii hiyohiyo. Ofisi inayotoa leseni itakuambia nani ameandikishwa. Itakachokosa kukuambia ni nani ana mkono mzuri. Hilo huonekana kwenye kazi yake: omba kuona mtutu aliomaliza, uutazame mdomoni. Mshono wa silivu uwe duara jembamba la upana mmoja pande zote, karibu usionekane.

Mtu anayekubali dakika ileile bila kukuuliza risasi gani utapiga, mwogope kuliko anayekataa. Muulize keekee yake inaongozwaje. Jibu sahihi ni kiongozi laini kinachokaa bila kucheza ndani ya tundu la zamani, ili tundu jipya lifuate njia ya lile la kwanza. Niliwahi kuishika bunduki iliyotobolewa na fundi mmoja kwa keekee ya kawaida iliyounganishwa na nondo. Mdomoni silivu ilikuwa katikati. Tulipoondoa kilengeo cha mbele tukaona chini ya mfuo mstari unaong'aa: silivu yenyewe, imetokeza nje. Mtutu ule ulikuwa umevumilia vizazi vitatu.

Muulize pia anagandisha kwa nini. Lehemu ni njia ya zamani na nzuri, ila inataka joto, na joto linaweza kubadilisha rangi ya nje. Gundi za leo, epoksi au zile zinazoganda zikikosa hewa, haziitaki joto, na kwa risasi ndogo zimethibitika. Mimi nachagua gundi kwa .22 yenye rangi yake ya asili.

Imerudi, na bado kuna tatizo

Inapiga kulia au kushoto kupita uwezo wa vilengeo: rudi kwenye ule mshono wa mdomoni. Upana wake ukitofautiana, silivu haiko katikati, na kusogeza kilengeo ni kuficha kosa. Irudishe.

Ganda linaingia kwa shida au kulabu ya kulitoa haishiki: mara nyingi ni gundi iliyobaki kwenye chemba, au nafasi ya kulabu haikuchongwa kwenye silivu. Ni dakika chache kwa fundi. Usiguse kwa msasa.

Makundi mazuri risasi kumi za kwanza, kisha yanatawanyika mtutu ukipata moto: kuna mahali gundi au lehemu haikufika, na silivu inajinyoosha kivyake. Hii haiponi kwa risasi za aina nyingine.

Silivu imetokeza mdomoni hata kwa unene wa ukucha: simamisha kila kitu. Uliza kama kuna mtu aliipeleka kupakwa rangi baada ya kazi. Bafu la rangi ya bluu la chumvi za moto huchemka kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi na lina magadi makali. Joto hilo hulegeza epoksi, na magadi hayo hula lehemu laini. Mtutu uliovishwa silivu unapakwa kwa njia ya kutu ya polepole, ambayo haihitaji zaidi ya maji yanayochemka, na anayepaka aambiwe kilichomo ndani kabla hajaupokea, kwa sababu kwa nje hawezi kukiona.